Bibi Akivunjika Nyonga: Dawa Kwanza, Machela Baadaye

Alikuwa anarudi kukata majani ya ng'ombe, akateleza kwenye ganda bichi la mgomba hatua chache kutoka mlangoni. Majirani wa Kibosho hawamwachi mtu chini. Walimbeba juujuu, wakamkalisha kwenye kiti, wakatafuta Noah, wakamkunja kwenye kiti cha nyuma. Nilipompokea Moshi mjini nikamwamkia, aliitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikamuuliza kama anaumwa sana. "Si sana." Nilipomfungua ngumi ili nimwekee kanula, kijibomba cha kupitishia dawa mshipani, kiganjani nikakuta alama nne za kucha, mbili zikivuja damu. Alikuwa ameyafumbata maumivu njia nzima.

Mimi ni muuguzi wa dharura. Mwongozo huu nimewaandikia watu wawili: ndugu anayebaki na mgonjwa sakafuni wakati gari linatafutwa, na mwenzangu anayefika na ambulensi. Neno langu kubwa ni mpangilio wa kazi. Dawa ya maumivu itangulie, kunyanyua kufuate. Kwetu mara nyingi huwa kinyume: mgonjwa ananyanyuliwa, anapakiwa, anarushwarushwa kwenye makorongo hadi lami, anashushwa, anasukumwa hadi eksirei, ndipo mtu anauliza kama amepewa chochote. Na nyonga iliyovunjika huuma zaidi inaposogezwa. Dawa ikija mwisho, sehemu mbaya kuliko zote imeshapita bila dawa.

Hatua ya 1: Mtambue akiwa hapo hapo chini

Tunaposema nyonga imevunjika, kilichovunjika ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja, karibu na unapoingia kwenye kiungo. Mzee ambaye ameanguka tu kutoka kwenye kusimama, hawezi kuinuka, na anaonyesha kinena au ubavu wa nyonga, mchukulie kuwa amevunjika hadi picha iseme vingine. Tazama miguu yote miwili kwa pamoja. Ule ulioumia mara nyingi huonekana mfupi, na wayo wake umelalia upande wa nje.

Wapo ambao mguu hauonyeshi kitu. Mfupa umepata ufa tu, na mgonjwa anaweza kuchechemea hatua mbili tatu. Wengine hulalamikia goti, nyonga hawaitaji kabisa. Usimsimamishe ili kumjaribu, maana ufa uliotulia unaweza kuachana kwa jaribio hilo moja.

Kisha tazama mengine. Amegonga kichwa? Anazungumza sawasawa, au mdomo umepinda na mkono mmoja umelegea? Anapumua vizuri? Aliteleza, au alianza na kizunguzungu? Mwenye kisukari apimwe sukari. Ulizia dawa anazotumia kila siku, hasa za kuzuia damu kuganda, na uziweke kwenye mfuko aende nazo.

Hatua ya 2: Kwa ndugu aliye nyumbani

Kama mahali alipoangukia hapana hatari, mwache alale hapo. Najua inauma kumwona mama yako sakafuni, lakini kumhamishia kitandani kabla ya dawa ni safari ya kwanza ya maumivu, na baadaye atahamishwa tena kutoka kitandani kwenda kwenye machela. Mletee kitanda alipo: blanketi juu yake, na jingine mlisogeze chini yake polepole panapowezekana bila kumgeuza. Sakafu ya saruji kule Machame mwezi wa saba ni baridi kali, na mtu akitetemeka misuli ya paja inakaza na kuvuta mfupa uliovunjika.

Chukua mto au kanga zilizokunjwa, weka chini ya goti la mguu ulioumia ili likunjike kidogo. Wengi hupata nafuu hapo hapo. Mwache yeye ndiye aamue: "Hapa, mama, au juu kidogo?" Akipata mkao anaouweza, acheni hivyo hivyo. Msivute mguu kuunyoosha, msiuchue, msiukande kwa maji ya moto. Mzee wa kuunga mifupa anaweza kuwa anaheshimika kijiji kizima, lakini kuchua hapa kunasogeza ncha za mfupa ndani ya nyama na kuongeza damu inayovuja humo. Mivunjiko mingine ya eneo hili humwaga damu nyingi ndani ya paja, na kwa nje huoni hata tone.

Akiwa na fahamu kamili, hatapiki na anameza vizuri, mpe parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mtu mwenye kilo 50 au zaidi. Kwa bibi mwembamba aliye chini ya hapo, kimoja. Kabla ya kumpa, uliza kama amekwisha kunywa Panadol au dawa ya mafua ndani ya saa sita zilizopita, kwa sababu dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na kama ana ugonjwa wa ini. Ameze kwa mafunda machache ya maji. Chakula asipewe, hata mtori, na chai ya maziwa isubiri, maana huenda akahitaji upasuaji karibuni. Andika saa uliyompa dawa. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Kuna jambo moja linanisumbua kila wiki. Kijana wa nyumbani hukimbilia duka la dawa, na mgonjwa anachomwa sindano ya diklofenaki kwenye kalio. Dawa hiyo na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, ni hatari kwa wazee hawa. Mzee aliyelala chini saa kadhaa bila maji tayari figo zake zinahangaika, na pengine anatumia vidonge vya presha vinavyozibana zaidi. Diklofenaki huzidisha mzigo huo, huchokoza vidonda vya tumbo, na inaweza kuongeza kuvuja damu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 kuhusu kuvunjika nyonga unasema wazi kwamba dawa za kundi hilo hazipendekezwi kwa wagonjwa hawa.

Unapopiga simu kuomba ambulensi, usiseme tu "mgonjwa hawezi kutembea." Sema: "Mzee ameanguka, tunadhani ni nyonga. Mna dawa ya maumivu ya sindano, mtu wa kuichoma, na machela?" Swali hilo hufanya mtu afungue kabati kabla ya kuwasha gari. Na kama zahanati iko jirani, mwombe tabibu aje mlipo.

Hatua ya 3: Kwa anayefika na ambulensi, pima maumivu kabla ya kugusa

Kile kipimo cha sifuri hadi kumi tulichofundishwa hakifanyi kazi vizuri kwa bibi aliyelelewa asilie mbele za watu. Atakwambia mbili huku jasho linamtoka. Mimi hutumia maneno: hayapo, kidogo, ya wastani, makali, hayavumiliki. Nauliza mara mbili, kwanza akiwa ametulia, halafu anapojaribu mwenyewe kujisogeza kidogo. Jibu la pili ndilo linaloongoza dawa, kwa sababu kazi iliyo mbele ni kumsogeza.

Aliyepoteza kumbukumbu hataweza kukujibu, basi msome. Amekunja ndita? Anashikilia pumzi? Anausukuma mkono wako ukikaribia paja? Tangu yule bibi wa Kibosho, mimi hufungua na viganja.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pima oksijeni, presha na mapigo, angalia anavyojibu unapomsemesha. Gusa wayo wa mguu ulioumia: una joto, mapigo yapo, vidole vinacheza? Andika yote hayo kabla ya dawa yoyote, la sivyo baadaye hutajua kilichobadilika.

Hatua ya 4: Dawa

Sehemu hii ni ya mwenye leseni, anayefuata taratibu za kituo chake. Ndugu aisome ili ajue cha kuulizia.

Weka kanula, anza na parasetamoli ya dripu: gramu 1 kwa dakika 15, au miligramu 15 kwa kila kilo kwa aliye chini ya kilo 50. Kama alimeza vidonge nyumbani, hesabu na hivyo. Kwa aliyevunjika nyonga, parasetamoli peke yake mara nyingi haitoshi kumnyanyulia.

Morfini ndiyo wenzetu wengi wanaiogopa. Nimewasikia wakisema itamuua mzee, au itamficha daktari ugonjwa. Mfupa uliovunjika haufichwi na sindano. Eksirei itauona tu. Na maumivu makali yasiyotulizwa ni mojawapo ya mambo yanayomsukuma mzee kwenye kuchanganyikiwa, kesho yake anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyekufa. Hatari ya morfini ipo kweli, nayo inadhibitiwa kwa kipimo kidogo na jicho lililo wazi. Chukua ampuli ya miligramu 10 katika mililita 1, ongeza maji ya chumvi ya dripu hadi ifike mililita 10. Sasa kila mililita moja ni miligramu moja, na bomba lenyewe linakuonyesha hesabu. Kwa mzee, toa miligramu 1 hadi 2 polepole kwenye mshipa. Ngoja dakika 5. Muulize tena, hesabu pumzi tena, ongeza kama bado. Acha anaposema anaweza kuvumilia. Usifuate maumivu hadi yafike sifuri.

Usiichome kwenye msuli. Mzee aliyepata baridi damu yake haifiki misulini vizuri, dawa inakaa pale bila kufanya kazi, halafu inaingia kwa pamoja wakati hutarajii. Mwenye figo dhaifu apate kidogo zaidi, kwa kuachanisha zaidi. Pumzi zikishuka chini ya 10 kwa dakika, au akawa mgumu kuamka, simamisha dawa, mpulizie kwa mfuko wa hewa na oksijeni, na tumia naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya morfini, kidogo kidogo, ukianza na miligramu 0.1, hadi pumzi zirudi. Naloksoni huisha mwilini mapema kuliko morfini, kwa hiyo endelea kumtazama hata akiamka.

Pasipo na morfini, ketamini mara nyingi ipo. Kwa maumivu tunahitaji kidogo sana, miligramu 0.1 hadi 0.3 kwa kila kilo. Bibi wa kilo 50 anahitaji miligramu 5 hadi 15, na kwa mzee anza na ile ya chini. Chupa nyingi zina miligramu 50 katika kila mililita, maana yake kipimo chake ni sehemu ya kumi ya mililita, na kidole gumba kikiteleza umemlaza usingizi kamili. Kwa hiyo vuta mililita 1, ongeza mililita 9 za maji ya chumvi, upate miligramu 5 kwa kila mililita. Weka kipimo chake kwenye dripu ya mililita 100 na uiendeshe dakika 10 hadi 15. Ikiingia haraka humfanya mtu aone mambo ya ajabu. Mwambie kabla: "Bibi, utajisikia kama unaelea, ni dawa hiyo, mimi nipo hapa." Mtu anayemfahamu amshike mkono. Presha itapanda kiasi, hivyo mwenye moyo mgonjwa au presha iliyo juu sana mfikirie mara mbili. Ukizitumia dawa hizi mbili pamoja usingizi huongezeka, punguza kila moja.

Pethidini ipo bado kwenye makabati mengi. Kwa wazee naiacha. Mwilini hugeuka kuwa kitu kinacholeta kuchanganyikiwa na hata degedege, zaidi figo zikiwa dhaifu. Tramadoli nayo huleta kichefuchefu na kizunguzungu. Kama ni hiyo tu iliyopo, miligramu 50 polepole.

Hatua ya 5: Ganzi ya nyonga

Hii ndiyo tiba ninayoitamani zaidi kwa wagonjwa hawa, ingawa kwa sasa nafasi yake kwetu ni mlangoni mwa hospitali. Neva kubwa inayopeleka maumivu ya nyonga na paja hupita karibu na kinena, chini ya utando mgumu uliofunika msuli. Dawa ya ganzi ikimwagwa kwa wingi chini ya utando huo husambaa na kufikia neva zaidi ya moja. Mgonjwa anatulia huku yuko macho, anapumua vizuri, anaongea na watoto wake. Bernard Dalens na wenzake, wa Ufaransa, waliieleza mwaka 1989 wakiitumia kwa watoto. Huko Wales wahudumu wa ambulensi wamefundishwa kuichoma nyumbani kwa mgonjwa, katika majaribio yaliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea.

Mahali pa kuchoma hupatikana kwa kuchora mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi mfupa wa kinena, kuugawa mara tatu, na kushuka sentimita moja chini ya pale theluthi ya nje inapokutana na ya kati. Hapo ni mbali na mshipa mkubwa wa damu. Sindano butu hutoboa tando mbili, mmoja baada ya mwingine, na mkono uliozoea huhisi kila mtoboko. Kiwango cha juu cha bupivakaini, dawa yenyewe ya ganzi, ni miligramu 2 kwa kilo: kwa kilo 50 ni miligramu 100, yaani mililita 20 za ile ya asilimia 0.5, zikizimuliwa hadi mililita 40. Inahitaji dakika 15 hadi 30 kushika.

Kusoma haya hakumpi mtu ruhusa ya kuichoma. Dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi, midomo hufa ganzi, masikio huvuma, mdomoni huja ladha ya chuma, halafu degedege na moyo kwenda ovyo. Inataka mtu aliyefundishwa, kifaa cha kutazama moyo, na mafuta ya mshipani ya asilimia 20, ya kumwokoa aliyedhuriwa hivyo, yakiwa tayari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aamuliwe na daktari, na ngozi yenye usaha kinenani isitobolewe. Ndugu, wewe una kazi moja hapa. Ukifika mapokezi uliza: "Daktari, mama anaweza kuchomwa ganzi ya nyonga kabla ya kupelekwa eksirei?"

Hatua ya 6: Subiri, kisha nyanyua

Kidonge cha parasetamoli kinataka nusu saa hadi saa nzima. Morfini ya mshipa huanza ndani ya dakika chache na hufika kileleni karibu na dakika ya 20. Hapa ndipo utasikia uwanjani: "Mbona hamwondoki?" Waambieni mapema: "Tumempa dawa, tunaipa robo saa ifanye kazi, halafu tunaondoka." Nikisema hivyo kabla, ndugu hukaa. Nikisema baada ya kuulizwa, inaonekana nazembea. Kama anapumua vibaya, presha imeanguka au kichwa kimeumia, usisubiri. Hapo gari ndilo la kwanza.

Weka mto kati ya miguu. Pitisha kanga zilizokunjwa upana wa kiganja kwenye nafasi za chini ya magoti na vifundo, uzitelezeshe mahali pake, ufunge mguu mzima na ulioumia pamoja: juu ya magoti, chini ya magoti, vifundoni. Mafundo yakae upande wa mguu mzima. Kile kifaa cha kuvuta mguu kinachotumika kwa paja lililovunjika katikati hakifai hapa. Gusa wayo tena baada ya kufunga.

Ukiwa na machela inayogawanyika katikati, ingiza kila nusu kwa upande wake na ufunge. Ukiwa na blanketi tu, tafuta watu sita, watatu kila upande, wakunje kingo hadi karibu na mwili. Mmoja ndiye anayehesabu, na mmoja zaidi kazi yake ni mguu tu. Kihambani, kati ya migomba na mfereji, mtangulize mtu wa kusema jiwe liko wapi.

Hatua ya 7: Njiani

Muulize maumivu kabla gari halijaondoka. Kama dozi ndogo inahitajika, itoe hapo, au simamisheni gari. Huwezi kuhesabu pumzi vizuri gari likiruka kwenye mashimo ya masika. Dereva aambiwe mbele ya mgonjwa kwamba leo hatushindani na mtu, na kabla ya kila tuta aseme kwa sauti, "Tuta!" ili uushike mguu. Vinginevyo macho yako yawe kifuani kwa mgonjwa. Oksijeni ikishuka chini ya 94, mpe. Ndoo iwe karibu, dawa hizi hutapisha.

Pasipo ambulensi kabisa, pikapu yenye godoro tambarare ni bora kuliko kumkunja kwenye kiti cha Noah.

Hatua ya 8: Kukabidhi

Kuna kunyanyuliwa kuwili bado: kutoka machela kwenda kitandani, na kitandani kwenda meza ya eksirei. Omba dawa kabla ya kila kimoja. Iwe ni KCMC, Mawenzi au hospitali ya wilaya, mwambie anayempokea umempa nini, kiasi gani, saa ngapi, na maumivu yalikuwaje kabla na baada. Aulizwe tena nusu saa baada ya kila dawa, halafu kila saa hadi atulie. Ndugu waanze kuulizia upasuaji siku hiyo hiyo, maana mwongozo ule wa Uingereza unataka ufanyike siku ya kulazwa au inayofuata, na mambo ya bima na wachangia damu huchukua muda.

Nakala ya maandishi yako, pamoja na ile karatasi ya ndugu yenye saa ya Panadol, ibandike kwenye faili kwa plasta. Ikikaa mfukoni mwa mjukuu, itapanda naye gari la jioni kurudi Kibosho.